Ruhusa ya Kuteka Maji

Buhare, Jumatano 5 Machi
Mama amepakwa majivu mara mbili. Alirudi kwenye benchi, akakaa, akawatazama waliokuwa kwenye foleni, kisha akainuka na kupanga mstari upya. Katekista alimtambua, akampaka juu ya yale ya kwanza. Waliokaa nyuma yetu walicheka chinichini. Njiani kurudi nyumbani aliniambia dhambi za mwaka huu zimehitaji mkono wa pili, kama rangi ya ukuta, nami nikacheka kwa sababu kweli alichekesha. Lakini najua ile mara ya kwanza hakuikumbuka.

Padre alitangaza kwamba wagonjwa na wazee hawafungi. Mama aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Yuko kwangu tangu Januari. Alipotea akitoka kanisani kwao Butiama, kwenye njia aliyoipita tangu msichana. Sasa anakwenda miaka sabini na tano, ana kisukari cha siku nyingi, na kichwa kimeanza kuvuja. Daktari wa kliniki ya sukari ameniambia niwe naandika mabadiliko ninayoyaona. Nimeamua kuandika yote, na hasira zangu zikiwemo, maana nazo si haba.

Ijumaa 7 Machi
Nimetoka shuleni nikamkuta mama amevimba kwa ghadhabu, anadai nimemficha mwiko wake. Mwiko alikuwa ameushika. Mvua bado.

Jumapili 9 Machi
Leonardi amekuja kutoka Bunda. Huyu ndiye mdogo wangu, ana duka la dawa lishe karibu na stendi, na tangu aanze kwenda semina Mwanza haongei tena kama mtu aliyezaliwa na ng'ombe nyumbani. Amemletea mama chupa ya vidonge vya kulinda ubongo.

"Dada, uzee ni moto wa ndani. Mwili unavimba ndani kwa ndani, huoni. Ukivimba, kumbukumbu inaungua. Hii inaenda kuzima."

"Inazima kwa maji au kwa mchanga?"

Hakucheka. Alimshika mama mkono, akamwonyesha namna ya kumeza, na macho yake yalikuwa mekundu. Hapo nikajutia mdomo wangu kidogo, si sana. Leonardi ni kitinda mimba, mama akimsahau yeye atakuwa amepoteza zaidi yetu sote.

Alipoondoka nilichukua simu nikaanza kusoma, nikitaka kumpata na kosa. Nikakuta kwamba wapo wataalamu wanaoichunguza metfomini, ile dawa ya sukari ambayo mama anaimeza miaka yote, kama inaweza kupunguza huo huo moto wa ndani na kulinda kumbukumbu za wazee. Dawa yenyewe tunayo kabatini. Kulikuwa na sentensi inayosema jambo halijathibitishwa, nikaipita haraka kama mtu anayempita mbwa wa watu.

Jumatatu 10 Machi
Nimempa mama amri ya jeshi. Asiruke kidonge hata kimoja, asubuhi wala jioni, kikubwa cha metfomini wala kile kidogo cheupe cha sukari anachopewa nacho. Nimemweleza kwamba hivi ndivyo vinavyolinda kichwa chake. Amesikiliza kwa makini, akarudia maneno yangu yote bila kukosea. Nimefurahi mno.

Jumatano 12 Machi
Siku mbaya. Jenipher, binti yangu aliye likizo ya chuo, anasema bibi yake alitetemeka asubuhi, jasho likamtoka na hali jua halijapanda, kisha akamuuliza kwa nini ng'ombe hawajafunguliwa. Hatuna ng'ombe Buhare. Saa za mchana alitulia, akala viazi vyake na dagaa, akawa mtu.

Alhamisi 13 Machi
Kliniki. Daktari Lukas ni kijana mpole, mtu wa Tanga. Alimuuliza mama mwaka, mwezi, jina la mkoa. Mama alijibu vizuri, mwaka tu ndio aliukosea kidogo. Kisha daktari akamwonyesha Jenipher.

"Bibi, huyu ni nani?"

"Huyu? Huyu mama yangu."

Daktari akainama kuandika. Nikamrukia.

"Subiri, daktari. Huyu binti anaitwa Jenipher Nyangi. Nyangi alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anaitwa kama yule mtu. Tangu Jenipher azaliwe mama anamwita mama, na yeye anamwitikia mwanangu. Si kusahau."

"Hata kwetu tunaitana hivyo, Mwalimu. Lakini sasa nitajuaje ni mila au ni ugonjwa?"

Jenipher alimkumbatia bibi yake, akamwambia, "Mwanangu, umeniaibisha kwa daktari," na mama akacheka mpaka akakohoa. Ni mchezo wao wa miaka ishirini. Mama humwomba ruhusa ya kwenda sokoni, ruhusa ya kulala mchana, ruhusa ya kusengenya. Jenipher hutoa au hunyima, kwa sauti ya kizee.

Nilimuuliza daktari kuhusu metfomini na kumbukumbu, na kama dozi inaweza kuongezwa. Akasema hapana. Hilo bado linachunguzwa, mama anapewa kwa ajili ya sukari tu. Akaongeza kwamba kile kidogo cheupe kinashusha sukari kwa nguvu, kwa hiyo lazima ale kwanza.

"Anakula vizuri?"

"Anakula," nilisema. "Uji kila asubuhi, na michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa."

Nilisema kwa uhakika wa mtu anayetoka kwenda kazini kabla uji haujapoa.

Ijumaa 14 Machi
Ngurumo tu upande wa ziwani. Mama hakunitambua nilipoingia, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Kwenye chakula cha jioni alikuwa mzima, akaulizia habari za wanafunzi wangu kwa majina yao.

Jumanne 18 Machi
Mvua ya kwanza ya maana. Mama amefurahi, anasema muhogo wake Butiama utakuwa unakunywa. Siku nzuri.

Jumatano 19 Machi
Mbaya. Alimfukuza Jenipher jikoni akimwita mwizi.

Ijumaa 21 Machi
Mbaya kuliko Jumatano. Alikaa uani mvua ikimpiga, kikombe cha uji kitupu mapajani, akiongea Kizanaki cha ndani ambacho hata mimi nakipata nusu. Jenipher alimwingiza ndani akilia. Nimejiuliza inakuwaje mtu awe mzima Jumapili na Ijumaa awe hivi. Labda akiniona nipo nyumbani anatulia. Labda ni upweke.

Au labda ni vile vidonge vya Leonardi. Kabla yake mama alikuwa anasahau tu, hakuwa anatetemeka.

Jumapili 23 Machi
Nimevimwaga vidonge vya Leonardi chooni, yeye mwenyewe akiona. Alikuja na chupa ya pili. Nilimwambia hapa hatuleti uchafu wa semina, mama anazimika mbele ya macho yetu na yeye anamfanyia biashara. Neno la biashara lilimuumiza, nikaliona linavyoingia, nikaendelea tu.

"Dada, mimi huwa namletea bure. Wewe hizo dawa zako za hospitali anameza miaka mingapi? Na kichwa kimeharibika akiwa anameza hizo hizo. Mbona hizo humwagi?"

"Hizo zimepimwa."

"Zimepimwa kwa sukari. Kwa kichwa wewe ulisoma kwenye simu, kama mimi."

Kanichoma hapo, na amenichoma kwa haki. Imani yangu na ya kwake zinatofautiana muhuri tu. Sikumwambia.

Amesema baada ya Jumapili ya Matawi atamchukua mama, akae naye Bunda, na dawa zote za hospitali ataziacha apumzishe mwili. Nikamwambia akimwachisha dawa za sukari atamuua. Akasema mimi ndiye ninayemuua taratibu. Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alisema tu, "Mimi nirudisheni kwangu," akaingia chumbani.

Jumatano 26 Machi
Vidonge vya Leonardi havipo tena na leo mama kawa vilevile. Jasho, kutetemeka, matusi, kisha usingizi. Kwa hiyo si vile vidonge. Sijampigia simu kumwambia.

Ijumaa 28 Machi
Sitaki kuandika.

Jumatatu 31 Machi
Ameamka vizuri, amenisukia nywele. Wakati anasuka akaniambia polepole, "Matrida, najionaga naondoka. Mnavyoniangalia ndivyo najua." Nilimwambia ameze dawa zake, atakuwa salama. Akasema anazimeza zote na ana dawa yake nyingine pia. Nilidhani Leonardi amepitisha chupa kwa siri, nikapekua chini ya godoro lake alipokwenda kuoga. Nilikuta rozari na kanga ya harusi ya dada yake. Niliona aibu.

Jumatano 2 Aprili
Mbaya. Mvua haikati, barabara ya kwenda shuleni imekuwa mto. Leonardi ametuma ujumbe: atakuja na gari ya rafiki yake Jumatatu baada ya Matawi. Naogopa kushinda mabishano haya na naogopa kushindwa.

Jumamosi 5 Aprili, wodini
Naandika mama akiwa amelala. Jana ilikuwa hivi.

Niliondoka asubuhi kama kawaida. Jenipher alimpelekea uji na michembe uani, mahali anapopenda kukaa, akarudi ndani kufua. Baadaye mama alisimama mlangoni na ndoo mkononi, akasema, "Mama, naomba ruhusa niende kuteka maji."

Bomba lipo hatua chache kutoka mlangoni. Jenipher, mikono ikiwa na povu, akaitikia kama anavyoitikia siku zote, kwa ile sauti ya kizee: "Nenda mwanangu, usichelewe, na usiongee na wavulana."

Mama akasema, "Ndiyo mama." Akaenda.

Jenipher anasema alijua kuna kitu pale tu aliposikia ile ndiyo mama. Mama huwa anabisha kidogo. Huwa anajibu kwamba wavulana ndio walioanza. Hilo ndilo jibu lake kwenye mchezo wao, na jana hakulisema. Lakini Jenipher alimaliza kwanza shuka aliyokuwa nayo mkononi, na alipotoka, bombani hakukuwa na mtu.

Nilipigiwa simu darasani. Sikumbuki nilivyotoka. Tuligawana njia na majirani, wengine ufukweni, na hapo kwenye ufukwe ndipo akili yangu ilikuwa imeganda, maana ziwa lilikuwa limechafuka na mama haogelei. Mvua ilikuwa inashuka mtu huoni mwenzako. Nilipiga kelele "Getruda", jina lake, badala ya "mama", kwa sababu nilijua huko anakoenda mimi sijazaliwa bado.

Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyemwona, kwenye njia ya kwenda Bweri. Alikuwa ameanguka pembeni ya mtaro, ndoo imebaki mkononi. Nilipofika alikuwa baridi, meno yameuma ulimi, macho yako wazi na hayaoni. Nilimbeba. Sijui nilipata wapi nguvu hizo, mgongo leo hauinuki.

Hospitali walimchoma kidole, na muuguzi akaita wenzake. Sukari ilikuwa imeshuka karibu na hakuna. Wakamtundikia maji ya glukosi. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nikimwomba Mungu bila mpangilio, nikimtukana Leonardi, nikijitukana mimi. Kisha mama akapepesa macho, akautazama mkono wenye sindano, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Matrida, mbona umelowa hivyo, na shuleni je?"

Nilikaa chini sakafuni. Mtu alikuwa ametoka kwenye mtaro wa miaka sitini iliyopita na kurudi kwa chupa moja ya sukari.

Daktari Lukas alikuja. Akauliza amekula nini asubuhi. Uji na michembe, tukasema. Akasema haiwezekani. Jenipher akaapa kwamba aliviweka mikononi mwake. Daktari akatutazama kwa namna ambayo nisingependa kutazamwa tena.

Leo asubuhi jirani yetu Recho alikuja kumwona. Recho ni yule mjane wa nyumba ya nyuma, mguu wake una kidonda kisichopona, haendi mbali. Amechechemea mpaka hospitali na chupa ya chai.

"Mwalimu, nimekuja kumpa bibi pole, na wewe nikushukuru. Huo uji wako umenisimamishaga kweli."

"Uji gani, mama Bonifasi?"

"Si huu unaonitumiaga na bibi, Jumatano na Ijumaa. Na michembe. Anapitishia pale kwenye ua. Alisemaga ni Kwaresima yako, nisikuambie mpaka Pasaka, hutakagi sifa. Ila leo nimeshindwa kukaa kimya."

Jenipher aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilimgeukia mama. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Mama, umekuwa unafunga?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Padre si alisema wagonjwa hawafungi? Wewe mwenyewe uliitikia."

"Alisema wagonjwa. Mimi ugonjwa wangu ni sukari. Sikufungia sukari, nilifungia kichwa." Kisha akanigeukia. "Nilimwambia Mungu, mimi nitalinyima tumbo, wewe nirudishie kichwa. Kabla sijawasahau hawa."

"Na vidonge? Siku hizo ulimeza vidonge bila kula?"

"Vyote. Si ulisema nisiruke hata kimoja. Ulisema ndivyo vinalinda kumbukumbu."

Mimi nilimpa amri, akaitii. Amesahau mwaka, amesahau jina langu, hakusahau amri yangu.

Jumanne 8 Aprili
Tumeruhusiwa. Kile kidogo cheupe kimeondolewa kabisa. Metfomini inaendelea, kwa sukari, na Daktari Lukas amerudia neno hilo akinitazama mimi. Amesema pia kwamba mtu akiitumia miaka mingi inaweza kumpunguzia vitamini B12 mwilini, na vitamini hiyo ikipungua nayo inasahaulisha. Damu imepelekwa Mwanza kupimwa. Kwa hiyo dawa niliyoisujudia huenda ilikuwa inalinda, huenda ilikuwa inaiba, huenda haihusiki kabisa. Nilimuuliza kama mama atapona. Akasema kuchanganyikiwa kwa zile asubuhi kutakoma. Kule kusahau kwa majivu mawili hajui bado, tumpe muda.

Jumatano 9 Aprili
Nimechelewa kazini kwa makusudi. Nimekaa mbele ya mama mpaka kikombe kikaisha. Amelalamika kwamba namlisha kama kuku wa Pasaka. Kikombe cha Recho nimekipeleka mwenyewe.

Jumamosi 12 Aprili
Nimempigia Leonardi. Nimemweleza yote, na kwamba vidonge vyake havikuwa sumu. "Havikuwa dawa pia," nikaongeza, nikashindwa kujizuia. Gari ya Jumatatu hakuigusia tena, aliuliza tu kama mama anamtaja. Nikampa simu mama. Walicheka kitu, sikuulizwa.

Jumatano 16 Aprili
Majibu ya Mwanza yamekuja, vitamini iko chini. Ameanza sindano. Hakuna asubuhi mbaya tena tangu atoke wodini, lakini jana aliweka chumvi kwenye chai, na leo ameniuliza mara tatu kama Pasaka imepita.

Jambo jingine limeharibika na hakuna aliyeliandikia dawa. Jenipher haitikii tena. Mama akimwita mama, yeye anamkazia macho na kumuuliza, "Bibi, mimi ni nani?" Kila mara. Leo mama aliweka kisu chini, akaacha kumenya viazi.

"Siku hizi kila mtu ananiulizaga yeye ni nani. Ni ninyi ndio mmesahau majina?" Kisha, kwa sauti ndogo, "Mmeninyang'anya mama yangu."

Jenipher alitoka nje. Nilimkuta kule bombani, amelifungulia bure. Akasema, "Nikiitikia nitajuaje yuko wapi?" Ni swali lilelile la Daktari Lukas.

Butiama, Jumatatu 21 Aprili
Pasaka tumeila nyumbani kwa mama. Leonardi alikuja, hakuleta chupa, alileta sato wawili wakubwa na mbolea ya bustani. Tumekubaliana bila kugombana, jambo ambalo lenyewe ni muujiza: mama atabaki kwake, Jenipher atakaa naye mpaka chuo kifunguliwe, Leonardi atakuja kila wiki, mimi kila likizo. Sindano atachomwa zahanati. Baada ya hapo hatujui. Mama alisikiliza akipepeta ulezi, akasema tumempangia kama mahari.

Leo asubuhi mvua ilikuwa imekata na mihogo imesimama mabega juu. Tulikuwa wote jikoni. Mama alikuwa amemaliza uji, nilikiona kikombe. Akainuka, akachukua ndoo nyuma ya mlango, akasimama mbele ya Jenipher.

"Mama, naomba ruhusa niende kuteka maji."

Leonardi aliacha kutafuna. Mimi niliutazama uso wa mama nikitafuta jasho, nikatafuta mtetemo mikononi. Hapakuwa na kitu. Kisima kweli kipo bondeni, kilekile alikotumwa na Nyangi wa kwanza. Huenda alikuwa anatania. Huenda alikuwa na umri wa miaka kumi. Alisubiri, ndoo mkononi, na kadiri Jenipher alivyonyamaza ndivyo sura ya mama ilivyoanza kunyong'onyea.

Jenipher alifuta mikono kwenye kanga, akachukua ndoo ya pili.

"Twende wote, mwanangu," alisema, kwa ile sauti ya kizee.

Mama alitangulia. Walipofika kwenye migomba nikamsikia anasema kitu kuhusu wavulana, na Jenipher akapasuka kicheko. Sikusikia ni wavulana wa lini.